Mlilie Kyungu

Kamina, Jumamosi jioni, mwezi wa kumi. Mwaka wa pili unakaribia kwisha tangu nilipotoka nyumbani Kabongo, na jana ndiyo mara ya kwanza nimekuona.

Kabange mwanangu,

Umekwenda kusukwa nywele kwa mke wa Kasongo, mwenzangu wa kazi, mimi nimebaki chumbani na mfuko wako. Najua utakawia, maana mwanamke yule anasuka kwa mdomo kuliko kwa vidole. Nimekaa juu ya ndoo, karatasi iko juu ya goti, nataka nimalize kabla hujarudi. Usiyacheke maandishi yangu. Niliishia darasa la sita, na tangu hapo mkono wangu umezoea koleo.

Mambo ya chakula, ya wezi wa kwenye treni, ya kutoazima nguo za wenzako huko chuoni Lubumbashi, mama yako amekwambia yote na atakwambia tena kwa simu. Hayo siyagusi. Mimi nimekasirika, na nimeona afadhali hasira yangu uisome, kwa sababu jana uliisikia na haikusaidia kitu.

Jana ulishuka kwenye pikipiki vumbi limekujaa hadi kwenye kope. Ukanitazama, ukacheka.

“Papa, njo weye huyu? Umekonda!”

“Na weye umekuwa mwekundu kama njia ya Kabongo.”

Nikafurahi. Nikasema moyoni, mtoto yuko sawa. Furaha hiyo haikufika hata jioni. Nilifungua mfuko wako nitoe unga aliotuma mama yako, nikakuta sahani mbili. Vikombe viwili. Taulo mbili, miswaki miwili. Jozi mbili za ndara, moja ya mguu wako, nyingine kubwa, ya kiume.

“Vya nani hivi?”

“Vya Kyungu. Tantini Numbi alisema nikienda na vyangu tu, Kyungu atakasirika.”

“Na weye unaamini maneno ya dada yangu?”

“Minyi sijui, Papa. Minyi nabeba tu.”

Tukapika, tukakaa kula. Nikakuuliza kama unalala usiku. Ukajibu huku unafinyanga tonge la bukari: “Kulala wapi? Ananiita kila saa.” Kisha ukatabasamu na kusema, juu yenu nyinyi mapacha, maneno ambayo yamenikaa kooni tangu jana: “Nikimufuata, Papa, musisumbuke. Mutoto ya mapasa hana kilio. Mutaimba tu, mutakunywa pombe, mutaenda kulala. Matanga ya bei chini.”

Nikapiga ngumi kwenye beseni, maji yakaruka ukutani. Nikapaza sauti: “Nyamaza!” Jirani akachungulia mlangoni. Wewe ukainamisha uso, ukakusanya vyombo, ukaosha sahani. Uliosha zote mbili, Kabange. Hata ile ambayo hakuna aliyeilia.

Nilikuangalia ukiisugua sahani safi, nikajua nimesema tena neno lile lile, kwa sauti ile ile ya makaburini. Ndiyo sababu ya barua hii. Nitaandika mambo ambayo unayajua, ulikuwepo. Lakini hakuna aliyewahi kuyasema mbele yako kama yalivyokuwa. Kwetu yanasemwa kwa kuimbwa tu.

Kyungu alikufa kwa homa ya tumbo. Utumbo ulitoboka. Tulichelewa kumpeleka hospitali kwa sababu tulidhani ni malaria, na malaria tunaijua sisi wenyewe. Hapakuwa na mchawi. Hakuitwa na mtu, wala na yeye hamwiti mtu. Daktari alitueleza vizuri kabisa, na dada yangu Numbi alikuwa amesimama pale pale karibu na mimi, akisikia. Tulipofika nyumbani na maiti, alikuwa ametutangulia, amekwisha kuponda udongo mweupe wa kutupaka usoni.

“Mutoto ya mapasa banamuimbiaka, habamulilie,” akasema. “Mukilia, ule mwingine atamufuata.”

Nyimbo zenyewe unazijua. Zile za matusi, upande wa baba unautukana upande wa mama, upande wa mama unarudisha. Siku mlipozaliwa nyinyi wawili niliziimba hadi sauti ikakauka. Shemeji zangu walinitukana tangu kichwani hadi kwenye miguu yangu iliyopinda, nami nikawajibu, na bibi yako alicheka hadi akakaa chini. Sijawahi kuona siku tamu kama ile. Nyimbo hizo hazina ubaya wowote penye watoto wawili wanaopiga kelele ndani ya nguo mpya.

Lakini kuziimba juu ya sanduku! Baba wa mapasa ndiye anayeanzisha, basi nilianzisha. Nilimtukana mama mkwe wangu kwa wimbo huku mwanangu anashushwa. Mama yako alicheza, na alikuwa ameuma kitambaa chake hadi kikatoboka, baadaye nilikiona. Na wewe ulisimama pembeni ya shimo. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ukafungua mdomo, kilio kikatoka. Mimi nikauacha wimbo, nikaja, nikakupiga kofi la mdomo. “Nyamaza! Unataka kufa na weye?”

Ukanyamaza. Wazee wakanisifu. Mmoja alisema papa wa mapasa ni muntu mugumu, nami nilisimama wima zaidi baada ya kusikia hivyo. Nakuandikia hili nimeuma meno. Mtoto wangu yuko shimoni, mwingine ana damu mdomoni, na mimi nasimama wima kwa sababu ya sifa.

Sisemi waliotuachia desturi ile walikuwa wapumbavu. Nadhani walikuwa na hofu tu, wamepoteza mmoja wakaogopa kumpoteza wa pili. Hofu hiyo naijua. Kofi lile lilitoka humo humo. Lakini tazama lilifanya nini. Ulikaa miezi husemi. Ukaacha shule mwaka mzima. Numbi akakupeleka kwenye chumba cha maombi, wakakunyima chakula siku tatu, wakakupigia kelele masikioni wafukuze roho ya Kyungu. Roho ya Kyungu! Kijana aliyekuwa akiogopa hata bata! Wakakurudisha umekuwa mwepesi, Numbi akaambia watu umepona kwa sababu sasa unaitikia unapoitwa.

Na mimi sikuwepo. Nilikwisha kutoka. Nilimwambia mama yako nakwenda Kamina kutafuta kazi ya njia ya reli. Shamba lilikuwepo, mihogo ilikuwepo. Nilikuwa nakimbia sahani mbili mezani, maana hata baada ya mazishi Numbi aliagiza mpakuliwe wawili, na mama yako alipakua. Mwanaume mzima nilikimbia sahani. Nilikuacha wewe uwe unaitazama kila siku. Kama una hasira na mimi, ni haki yako, na sitakuomba uipunguze.

Huku nilikuwa mtu mbaya. Nilipigana kwa ajili ya koleo. Nilipigana kwa ajili ya kivuli cha kukalia. Tunakaa kambini wanaume kumi na wawili, na hakuna ambaye sikumtukana. Nilikuwa nalala saa mbili tu kwa usiku, nikiamka kifua kimebana kama nimefungwa kamba. Nikasema ni vumbi la kokoto. Nikanywa lutuku, ile pombe kali ya mahindi, nikalala saa tatu, nikaamka nimekasirika zaidi. Hakuna siku niliyosema nina huzuni. Neno lenyewe sikulijua kama linanihusu. Huzuni niliona ni ya wanawake na ya watu wenye nafasi, mimi nilikuwa na hasira, na hasira ni kitu cha mwanaume. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nimelipia mawazo hayo.

Kasongo unamwona anavyotania. Yeye ni mtoto wa reli, baba yake alitoka Kasai, mama yake sijui wapi, amezaliwa hapa hapa kambini, hakuna desturi anayoiheshimu wala wimbo asioujua. Kazi yetu unajua ilivyo, reli moja tunainua watu wengi, na mmoja anaimba ili tuvute pamoja. Anayeimba ni Kasongo. Anachagua nyimbo za matusi, maana zinatia nguvu. Sasa siku moja, msimu wa mvua uliopita, tumeinama wote, mikono iko kwenye chuma, anaanza wimbo. Wimbo wa mapasa. Hakujua kitu, mimi sikuwahi kumwambia mtu kambini kama nina watoto pacha.

Wenzangu wakaitikia. Mimi mikono ikafunguka yenyewe. Upande wangu wa reli ukaanguka, ukapita karibu na mguu wa Kasongo upana wa kiganja.

“Unataka kuniua?” akapiga kelele. “Weye mulevi!”

Nikamrukia. Watatu walinishika. Waliponiachia nikakaa juu ya kokoto, na hapo, Kabange, sikuweza kusimama. Miguu ilikuwa mizima. Niliiambia isimame, ikakataa. Kapita, mkubwa wetu wa kazi, akaja akanitazama akasema, “Pombe hiyo. Mumuache jua limukaushe.” Akaenda zake. Kasongo, yule niliyetaka kumvunja mguu, akabaki. Akaninusa mdomo.

“Hii haiko pombe,” akasema. “Huyu iko na kitu.”

Akanipandisha kwenye baiskeli yake kama gunia la makaa, akanisukuma hadi kituo cha afya, njia nzima ananitukana ili nisilale.

Pale kuna muuguzi, Mama Elise, mwanamke mfupi asiye na haraka. Alinipima damu. Akarudi na karatasi akasema, “Papa, malaria hakuna. Nani alikufa?”

“Hakuna muntu alikufa.”

“Sawa. Na huyo ambaye hakufa, jina lake nani?”

Nikasema Kyungu. Nilikuwa sijalitamka jina hilo tangu Kabongo. Likatoka, na nyuma yake kikatoka kilio ambacho sikuweza kukishika. Nililia kwenye benchi, mbele ya wanawake waliokuja kupima watoto uzito. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, “Mama, papa huyu iko nini?” Mama yake akamjibu, “Amechomwa shindano.” Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Nikalia hadi shati likalowa.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu hiki hukijui, na barua nzima nimeiandika kwa ajili yake.

Nilipotoka pale nje, jua likanipiga usoni, nikakumbuka. Nimelia. Nimemlilia mtoto wa mapasa, kwa sauti, mbele ya watu. Nikaona nimekuua. Nikaazima simu ya Kasongo, nikakupigia. Ukapokea: “Allô, Papa? Iko nini?” Nikakata. Kesho yake nikapiga tena. Na kesho kutwa. Ulimwambia mama yako, “Papa analewa huko Kamina, anapiga simu hasemi,” na mama yako akaniuliza, nikakubali ni ulevi. Haikuwa pombe. Nilikuwa nasikiliza kama unapumua. Ukikohoa, nilishindwa kula.

Mvua zikaisha. Kiangazi kikapita. Hukufa, Kabange. Nililia, na hukufa. Nikarudi kwa Mama Elise nikalia tena, sasa kwa makusudi, na jioni nikapiga simu, ukanijibu kwa ukali kwamba nimekutoa kwenye usingizi. Sijawahi kupenda kufokewa kama siku ile.

Halafu hasira ikanirudia kubwa kuliko ya mwanzo, na hiyo ndiyo niliyo nayo hadi leo. Maana kama kilio changu hakikukuua, kilio chako kisingekuua. Wala cha mama yako. Tulikizuia kinywani kitu ambacho kingetoka kwa wiki moja, mwezi mmoja, kikaenda. Sasa kinakuita usiku kwa sauti ya kaka yako. Sijui kusoma vitabu vya mambo haya. Najua tu kwamba mimi niliposema jina lake, kifua kilifunguka kidogo, na usiku huo nililala. Sio kwamba nilipona siku hiyo. Mama Elise alinipa dawa, nikazimeza miezi kadhaa, na kila mwisho wa mwezi nakwenda kukaa kwake, naongea, ananiuliza, naondoka. Kambini wamenipa jina. “Papa Machozi, shika reli!” wananiambia. Naishika. Mara nyingine wiki nzima inakuwa mbaya tena, bila sababu. Lakini sipigani, na pombe niliiacha nyuma bila kuapa.

Leo asubuhi ulipokuwa umelala, nilikwenda kwake. Nikamweleza maneno yako ya jana, hata yale ya matanga ya bei chini. Hakucheka. Akaniuliza, “Ulimuuliza kama anataka kufa?” Nikasema siwezi kumtia mtoto wazo kama hilo. Akanijibu kwamba wazo, kama liko, lilifika kabla yangu, na swali halimtii mtu hamu ya kufa, linamwonyesha tu kwamba kuna mtu anaweza kusikia jibu. Kisha akanifukuza, akasema nirudi kwako.

Nilirudi. Ulikuwa umeamka, unafagia. Nikafungua mdomo, nikakuuliza kama umekula. Woga tu. Basi nauliza hapa, kwa wino, ili nisiweze kukimbia: Kabange, unataka kufa? Unapanga kumfuata kaka yako, au yale yalikuwa maneno ya uchovu?

Kesho asubuhi, kabla ya gari moshi, nitakuuliza tena kwa mdomo. Ukiwa umesoma, hutashtuka. Sitasema nyamaza. Ukijibu ndiyo, hupandi treni kesho, tutakaa hapa wewe na mimi, na mama yako atakuja, na chuo cha ualimu kitangoja. Hiyo haitakuwa adhabu, wala sitamwambia mtu kwamba umeshindwa. Ukijibu hapana, au sijui, au wakati mwingine, tutapita kwa Mama Elise hata hivyo, amekubali kutufungulia ingawa ni Jumapili. Atakwambia mahali pa kwenda Lubumbashi, kwa waganga wa hospitali wanaofanya kazi hii. Treni ikituacha, ituache. Na unajua treni yetu, inaweza kutoka kesho kutwa.

Nimekukasirikia na wewe pia, usidhani Numbi peke yake. Nimekasirika kwamba unajitania kama kitu cha bei chini. Ulijifunza wapi? Kwetu, najua. Umejifunza kwa wimbo wangu. Basi nakataa wimbo huo. Ukifa, sitaimba. Nitalia hadi mji mzima ujue, sitainuka juu ya kokoto mara ya pili, na mama yako hatainuka kabisa. Sikwambii hivi kukufunga kamba. Nakwambia kwa sababu ulisema tusisumbuke, na hilo ni uongo, na sitaki usafiri nalo.

Ukiwa huko, usiku sauti ikaja, usikae nayo peke yako. Mwamshe mwenzako wa chumba. Akinuna, anune. Nipigie mimi. Simu ninayo sasa, na ukipiga ukashindwa kusema, usikate, mimi nitasikiliza kama unapumua, nina mazoezi. Na mtu akikwambia usali tu, sali, mimi pia nasali, lakini baada ya misa nenda kwa mganga wa hospitali. Mtu akikunyima chakula kwa jina la Mungu, toka, na uniambie jina lake.

Vitu vya Kyungu sikuvitoa mfukoni. Nilitaka. Nilikwisha kuishika ile sahani niitupe nyuma ya choo, halafu nikajiona mimi ndiye Numbi mwingine, naamua tena juu ya kaka yako bila kukuuliza. Ukitaka, vibebe. Ukitaka, viache hapa, nitavilinda. Ukivibeba viwe vyako, vya kumkumbuka mtu uliyempenda. Na ile sahani, usiioshe kama hakuna aliyeilia.

Na mlilie. Mlilie kwenye treni, mlilie chuoni. Sema jina lake. Alikuwa anaogopa bata, alikuwa anakoroma, alikuibia wali siku ya komunyo yenu ya kwanza. Amekufa. Wewe umebaki, na hujaiba kitu kwa kubaki.

Nasikia sauti ya mke wa Kasongo njiani, bado anaongea, kwa hiyo unakuja. Namaliza.

Nitarudi Kabongo mwezi wa pili, wakati wa mahindi mabichi. Nimekwisha kumwambia kapita, ameguna, maana yake amekubali. Sitapita kwa Numbi kwanza. Nitamshika mama yako mkono, twende makaburini mchana, watu wakituona, na tutalia kwa sauti, sisi wawili. Numbi akitaka kuja kuimba, aje, tuone nani atachoka mapema. Nafasi yako tutaiacha wazi, kama chuo kitakupa ruhusa. Mwezi wa pili, mwanangu. Nikukute hai.

Papa yako